Leseni ya rubani binafsi hairuhusu kutoza nauli

Kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tanga kuna ujumbe usioisha kuzunguka: ukishapata leseni ya rubani binafsi, unaweza kubeba watu kwa nauli hadi Pemba, tena huna cha kujifunza zaidi. Si kweli.

Kwa viwango vya kimataifa, leseni hiyo kwa kawaida huanzia saa 40 za kuruka, na mwenye nayo hurusha ndege bila malipo. Anayetaka kulipwa huhitaji leseni ya rubani wa biashara, ambayo kwa kawaida hudai saa 200.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Ndege ileile ya injini moja, yenye usajili wa Tanzania unaoanza na 5H, inaweza kuwa ya mtu binafsi au ya kampuni, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo soma leseni yenyewe: aina yake na ruhusa za ziada zimeandikwa humo. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Unaweza kumponza kijana aliyehangaika miaka kutafuta leseni, pamoja na abiria wake.

Na rubani mpya ana mengi ya kusomea: kuruka usiku, kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege, au aina nyingine ya ndege. Mimi ningemshauri aanze na safari ya kuvuka bahari kwenda Pemba akiwa na mkufunzi, majaketi ya kujiokolea yakiwa yamevaliwa tangu Tanga, maana injini ikizimika juu ya maji hakuna muda wa kuyatafuta.