Haki ya aliyefungwa mnyororo

Kijana mmoja wa kidato cha sita hapa Ujiji alinijia na nakala ya Katiba iliyochakaa, kidole kikiwa kwenye Ibara ya 12. "Shikamoo mwalimu. Haki hizi si tumepewa na serikali? Sasa ikitaka kuzichukua, tutaizuia kwa lipi?"

Nafundisha falsafa ya sheria, na hakuna swali ninalolipenda kama hilo. Nikamwambia asome kwa sauti. "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Hiyo *hu-*, nikamuuliza, inasema lini? Akanyamaza kidogo. Haisemi lini. Jua huchwa, mvua hunyesha, binadamu huzaliwa huru. Ibara inataja jambo ambalo Katiba yenyewe imelikuta. Sura ile ya haki iliingizwa mwaka 1984 tu, na hakuna anayedai kwamba kabla ya hapo Mtanzania hakuwa mtu.

Hilo ndilo wazo la haki za asili. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alilitetea mwaka 1689: kabla ya serikali yoyote watu ni huru na sawa, na akili inawafundisha kwamba mtu asimdhuru mwenzake katika uhai, afya, uhuru wala mali. Serikali ni mlinzi aliyekabidhiwa kazi. Akiigeuka kazi hiyo, waliomkabidhi wana haki ya kumwondoa. Baadaye Mwingereza mwenzake, mwanafalsafa Jeremy Bentham, akapinga: haki ni mtoto wa sheria, pasipo sheria hakuna haki.

Bentham simdharau. Lakini mimi naishi Ujiji. Kutoka ziwani hapa misafara ilipita Tabora hadi pwani, na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo sheria iliiruhusu biashara ile. Bentham aliupinga utumwa, ndiyo, na angekubali kwamba mtu yule wa mnyororo aliumizwa. Asichoweza kusema ni kwamba alinyang'anywa kilicho chake. Hapo ndipo ninapoachana naye.

Inaniuma kwamba Locke naye alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyouza Waafrika. Hoja aliyoiandika inamhukumu yeye kwanza.

Msingi wa wazo lenyewe una ufa. Locke aliusimamisha juu ya Mungu: sisi ni kazi ya mikono yake. Wajumbe walioandika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 walibishana kama wamtaje Mungu au asili, wakaviacha vyote viwili. Tafsiri ya Kiswahili ikasema watu "wamejaliwa akili na dhamiri", na kwetu neno kujaliwa linamwelekea Mungu hata asipotajwa. Mimi naegemea utu, ambao Katiba yetu pia inautaja katika ibara hiyohiyo.

Kijana akauliza tena: "Sasa mwalimu, haki hiyo ilimsaidia nini yule wa mnyororo?"

Haikumfungua, nikamjibu. Ila kwa sababu ya haki hiyo, waliokuwa wakimtafuta nyumbani kwao walikuwa wakidai chao.