Kila fremu na saa yake: kuandika muda kwenye taimulapsi

Funga kamera juu ya paa linalotazama ufuo wa Bagamoyo, iseti ipige picha kila baada ya dakika 5, na kwa siku moja utakuwa na picha 288. Ukiziunganisha ziwe video ya taimulapsi kwa fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, siku nzima inapita kwa sekunde 11 na ushee. Maji yanajaa, yanakupwa, mashua zinalala ubavu mchangani kisha zinainuka tena. Inapendeza sana. Lakini mvuvi au mwanafunzi wa jiografia akiitazama atauliza swali moja: hapa ilikuwa saa ngapi?

Wengi hulijibu kwa hesabu: wanachukua saa ya picha ya kwanza, halafu kila fremu wanaongeza dakika 5. Hesabu hiyo inakwenda vizuri mpaka siku betri itakapokwisha. Tuseme kamera imezimika usiku kwa muda wa saa 2. Zimekosekana fremu 24, na kwenye video pengo hilo halifiki hata sekunde moja, kwa hiyo gizani hakuna atakayeligundua. Ila kuanzia hapo kila muda ulioandikwa uko nyuma. Maji yaliyojaa saa 4 asubuhi, video itasema yalijaa saa 2.

Kwa anayefuatilia bahari, kosa hilo linaharibu kazi yote. Maji hujaa kwa wastani kila baada ya saa 12 na dakika 25, ndiyo maana leo yanajaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko jana. Dakika 50 ni fremu 10 tu. Raha ya taimulapsi ya siku nyingi ni kuuona ucheleweshaji huo ukijilimbikiza, kutoka bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hadi maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Kwa hiyo muda usiukokotoe, usome kutoka kwenye picha yenyewe. Kamera ya dijitali huandika ndani ya kila faili ya JPEG taarifa za EXIF, na humo kuna DateTimeOriginal, yaani wakati picha ilipopigwa. Programu ya ExifTool, ambayo ni ya bure, inazitoa zote kwa amri ya mstari mmoja na kuziweka kwenye jedwali la muda.csv:

exiftool -csv -DateTimeOriginal . > muda.csv

Usitegemee tarehe ya faili inayoonekana kwenye kompyuta, maana hiyo huweza kubadilika ukihariri picha au ukiinakili. Picha zilizopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa zimeshapoteza EXIF, kwa hiyo zitumwe kama dokumenti, au bora zaidi leta kadi ya memori yenyewe.

EXIF nayo inajua tu kile saa ya kamera inachojua. Kamera iliyosetiwa Dubai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 1, na iliyotoka Ulaya huenda bado inafuata saa za kiangazi. Mimi hupiga picha ya skrini ya simu inayoonyesha saa hadi sekunde, mwanzo wa kazi na mwisho wake. Nikilinganisha picha hizo mbili na EXIF zake, najua saa ya kamera ilipotoka kiasi gani na inazidi kupotoka kwa kasi gani. Ikiwa iko nyuma kwa dakika 7 tangu mwanzo hadi mwisho, nasahihisha nakala za picha hivi:

exiftool "-AllDates+=0:0:0 0:7:0" .

Sasa kuandika kwenyewe. ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri, inaweza kuchapa muda wa EXIF juu ya kila picha kabla hujaunganisha video. Ugumu uko kwenye jicho la mtazamaji. Kwa kasi niliyoitaja, sekunde moja ya video ni dakika 125 za ufuoni. Tarakimu za dakika zinabadilika mara 25 kwa sekunde, na hakuna binadamu anayezisoma. Hata ya saa inakaa nusu sekunde tu. Kwa hiyo naweka tarehe kwa herufi kubwa, chini yake mstari wa saa 24 wenye nukta inayotembea kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane. Jicho linaufuata bila shida. Muda kamili, kama 14:35, unakaa pembeni kwa maandishi madogo kwa ajili ya anayesimamisha video.

Chagua fonti ambayo tarakimu zake zote zina upana sawa, la sivyo maandishi yatachezacheza. Weka pia utepe mweusi nyuma yake, kwa sababu mchanga wa adhuhuri unameza maandishi meupe.

Na pengo la betri? Usilifiche. Ninaweka fremu nyeusi kwa idadi ileile ya zilizokosekana, zikiwa na maneno "hakuna picha", na nukta inaendelea kutembea. Picha asilia ninazihifadhi bila maandishi, pamoja na muda.csv, kwa sababu kilichochapwa juu ya picha hakifutiki, na atakayetaka kupima urefu wa maji baadaye atahitaji kuona nguzo ya kupimia iliyofunikwa na utepe wangu.