Vav za Gujarat: ngazi inayoyafuata maji

Ukifika Patan, kaskazini mwa jimbo la Gujarat, India, ukauliza kisima kiitwacho Rani ki Vav kiko wapi, utaoneshwa uwanja wa nyasi. Hakuna mnara wala kuba. Unatembea unajiuliza hivi hawa watu wamenileta wapi, mara ardhi inafunguka mbele ya miguu yako na unaona ngazi zinashuka ghorofa saba kwenda chini, na kuta za pande zote zimejaa watu wa mawe. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, nimekulia pwani kwenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, nilizoea kwamba jengo la heshima linapanda juu. Hili limeshuka. Tangu siku ile nimekuwa mgonjwa wa hizi vav.

Vav ni neno la Kigujarati la kisima cha ngazi, Rajasthan na Delhi wanasema baori au baoli. Wengi wakisikia kisima cha ngazi wanadhani ngazi ni mapambo. Hapana jamani, ngazi ndo mtambo wenyewe. Kule mvua ya mwaka mzima inanyesha karibu yote kati ya Juni na Septemba, inaletwa na kusi, upepo ule ule uliokuwa ukipeleka majahazi yetu Bara Hindi, na baada ya hapo ni jua tu miezi na miezi. Maji ya ardhini yanapanda wakati wa mvua halafu yanaanza kushuka kidogo kidogo. Kisima cha kawaida kitakwambia ongeza kamba, vav inakwambia teremka mwenyewe: mvua zikiisha unachotea vidato vya juu, joto la mwezi wa tano likifika unashuka mpaka chini kabisa, yaani ngazi inayafuata maji popote yalipokwenda. Mwisho wa ngazi kuna birika, na nyuma ya birika kuna kisima chenyewe cha duara, ambacho juu yake maksai walikuwa wanavuta maji kwa mfuko wa ngozi. Maji yale yale, anayeteremka na mtungi anapata na mwenye maksai anapata.

Sasa hapo kuna kitu wageni wanakipita bila kukiona. Rani ki Vav ina urefu kama mita 64, upana mita 20, kina mita 27, na hilo ni shimo kwenye udongo wa mto, udongo unasukuma kuta mchana na usiku. Zile baraza za nguzo zinazokatisha ngazi, moja baada ya nyingine, ambazo kila mtu anazipiga picha, ndo zinazozuia kuta zisikumbatiane. Boriti za mawe zimekaza huku na huku. Mafundi wakaona kama lazima tuweke nguzo basi tuweke na kivuli, na kama kuna kivuli watu watakaa, na kama watu watakaa basi tuwape cha kutazama.

Ndo maana nakshi ziko pale. Sanamu kubwa zinapita 500, nyingi za Vishnu, mungu wa Wahindu, na maumbo yake, na ukutani mwa kisima chenyewe kuna Vishnu amelala juu ya nyoka Shesha. Lakini mi huwa nasimama kwa mwanamke mmoja aliyetoka kuoga, anakamua nywele zake, na miguuni kwake kuna ndege amenyoosha shingo anadaka matone. Nimeisogelea sana ile sanamu. Fundi amechonga nywele zikiwa zimelowa, unaona zilivyoshikana kwa uzito wa maji, kwenye jiwe kavu! Kila nikiitazama nasikia raha ya mtu aliyetoka juani.

Inasemekana Malkia Udayamati aliijenga karne ya 11 kumkumbuka mumewe, Bhimdev wa Kwanza wa ukoo wa Solanki. Baadaye mto Saraswati ukafurika ukaifukia, ikakaa chini ya matope karne nyingi, na usafishaji mkubwa ukaja kumalizika miaka ya 1980. Matope yale yale ndo yaliyozilinda nakshi na jua na mvua na mikono ya watu, ndo maana zimetoka kali vile. Mwaka 2014 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia, na tangu 2018 iko kwenye noti ya rupia 100.

Adalaj, jirani na Ahmedabad, ni ya karibu mwaka 1499, na nayo ina jina la mwanamke, Rudabai, ilimalizika chini ya Sultani Mahmud Begada. Ngazi tatu zinakutana chini. Maua na matawi ya kiislamu yako ukuta mmoja na mwanamke anayesukasuka maziwa, wanawake waliokuwa wanashuka na mitungi walijiona wenyewe pale. Mpaka leo vav nyingi zina mungu wa kike ndani, watu wanapeleka nazi na kitambaa chekundu, bibi harusi analetwa, na mama aliyejifungua.

Waliochimba hawana jina kwenye mawe. Walikuwa watu wa tabaka la Od, kazi yao udongo, na Gujarat bado wanasimulia habari za Jasma Odan, mke wa mchimbaji, aliyemkataa mfalme pale Patan na kulilaani ziwa lake lisishike maji. Na maji hayakuwa ya kila mtu. Waliotengwa na tabaka za juu walizuiwa kwenye visima na mabwawa mengi, mpaka Machi 1927 B. R. Ambedkar, kiongozi wa hao waliotengwa, akaongoza maelfu ya watu wake kwenda bwawa la Chavdar, mji wa Mahad, wakanywa. Habari hii naitaja kila ninapoongelea uzuri wa vav, siwezi kuiacha.

Halafu kuna mnyoo wa Guinea. Mtu mwenye lengelenge mguuni akikanyaga maji mnyoo unamwaga watoto wake, vidudu vidogo vya majini vinawameza, wewe unakunywa. Ngazi inayokupeleka mpaka majini inapeleka na mguu wako, kwa hiyo baori nyingi za Rajasthan zilizibwa au zikageuzwa visima vya kuvuta. Ilikuwa sawa kabisa. Mgonjwa wa mwisho India alipatikana 1996, na mwaka 2000 nchi ikathibitishwa imeutokomeza.

Kilichozikausha vav ni pampu za visima virefu, maji yameshuka chini kuliko kidato cha mwisho. Ukutani bado unaona mistari ya maji ya zamani, mmoja juu ya mwingine, mi huwa nazihesabu nikishuka.

Ukienda Patan nenda asubuhi mapema. Mlango uko mashariki na kisima kiko magharibi, kwa hiyo jua linaingia nyuma yako, linateremka ngazi pamoja na wewe, baraza kwa baraza, na saa hiyo wauza chai bado wanawasha majiko.