Je, wajua kwa nini seva mbili hazitoshi?

Seva, yaani kompyuta inayohudumia wateja mtandaoni, ikiwa moja na ikazimika, huduma nayo huzimika. Dawa inayomjia kila mtu akilini ni kuongeza ya pili: seva kuu ipokee kazi, ya akiba inakili kila badiliko, na kuu ikianguka, ya akiba ishike nafasi. Kihesabu, mpango huu unavutia. Kama kila seva iko hewani asilimia 99 ya muda, na hitilafu za moja hazihusiani na za nyingine, zote mbili zitakuwa chini kwa pamoja muda usiofika saa moja kwa mwaka.

Lakini seva ya akiba inajuaje kwamba kuu imeanguka? Inachopata ni kimya tu. Huenda ni waya uliokatika kati yao, na kuu bado inahudumia wateja kama kawaida. Ya akiba ikijitawaza, zinakuwa kuu mbili, kila moja ikiandika kumbukumbu zake. Waya ukirudi, ipi iaminiwe? Kwangu mimi, heri huduma izimike kabisa kuliko kufika hapo.

Ndipo inapohitajika ya tatu. Seva haiwi kuu mpaka ipate kura za zaidi ya nusu. Mtandao ukigawanyika, mbili zilizo pamoja zina akidi na zinaendelea. Iliyobaki peke yake huacha kupokea mabadiliko, hata kama ndiyo iliyokuwa kuu. Idadi kwa kawaida huwa witiri: seva 3 huvumilia kupotea kwa 1, na 5 kwa 2. Seva 4? Bado ni 1 tu, kwa hiyo ile ya nne imeongeza gharama bure. Raft, utaratibu wa kupiga kura uliochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout mwaka 2014, ndio unaotumiwa na etcd, hifadhi inayotunza hali ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi.

Hata hivyo, kura ya kuchagua kuu haiokoi data ambayo haijafika. Tarehe 21 Oktoba 2018, mawasiliano ya kituo kikuu cha data cha GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu), pwani ya mashariki ya Marekani, yalikatika kwa sekunde 43. Mfumo ulipiga kura, ukahamishia uongozi wa kanzidata pwani ya magharibi. Kumbe sekunde chache za maandishi ya mashariki hazikuwa zimenakiliwa magharibi. Kila pwani ikabaki na data ambayo nyingine haina, na huduma ikayumba kwa saa 24 na dakika 11.

Kinga ni kutomjibu mteja "imehifadhiwa" kabla seva zilizo nyingi hazijathibitisha. Gharama yake ni muda: mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kati ya seva zilizo umbali wa kilomita 4,000 hula milisekunde 40 kwa kila badiliko. Wengi hukwepa hilo kwa kuweka seva tatu katika majengo tofauti ya eneo moja.

Chelezo, yaani nakala za data za akiba, bado zinahitajika, tena pembeni kabisa: jedwali likifutwa kimakosa, seva zote tatu hulifuta kwa utiifu uleule.