Mtoto mchanga mwenye kasoro ya moyo: kwa nini wengine tunawapoteza wiki ya kwanza

Mtoto amezaliwa usiku, amelia vizuri, ana kilo tatu kasoro kidogo. Kesho yake mama anaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya tatu mtoto anaanza kunyonya kwa kusitasita: anavuta mara nne, tano, anaachia titi, anahema, paji la uso limelowa jasho. Bibi anasema ni mafua. Jirani anasema ni "oburo", yaani nafaka ya ulezi imemkaa kifuani, apelekwe akakatwe chale kifuani. Siku ya tano anafika wodini, miguu baridi, ulimi zambarau.

Wazazi hutuuliza, mbona alizaliwa mzima? Jibu liko kwenye mshipa mmoja mdogo. Tumboni mtoto hatumii mapafu, hivyo damu nyingi huyakwepa kwa kupitia mshipa huo. Akishazaliwa, mshipa hujifunga, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu. Mwenye moyo mzima hauhitaji tena. Lakini kama njia ya damu kwenda mapafuni imeziba, au upande wa kushoto wa moyo haukukua, mshipa huo ndio uliokuwa unamweka hai. Ukifunga, anazidiwa kwa saa chache. Ipo dawa ya kuuweka wazi, prostaglandini, ila yenyewe inaweza kusimamisha pumzi, kwa hiyo haitolewi pasipo mtu wa kumwangalia mtoto muda wote.

Si kila kasoro ni ya namna hiyo. Duniani, takriban watoto 8 kati ya 1,000 wanaozaliwa hai wana kasoro ya moyo, na wengi wana tundu dogo tu, mengine huziba yenyewe. Kama mtoto atapona, aina ya kasoro ndiyo huamua kwanza. Kisha uzito: mtoto njiti, au aliye chini ya kilo 2.5, ana mapafu machanga na mishipa myembamba inayomtesa hata daktari wa upasuaji. Maambukizi ya damu, nimonia, na kasoro nyingine za kuzaliwa huongeza hatari. Baridi nayo, jambo linalodharauliwa sana: mtoto aliyepoa hutumia oksijeni zaidi, na huyu hana ya kuchezea.

Linaloniuma zaidi ni kuchelewa, kwa sababu hilo tunaliweza. Kile kibanio chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni hakimuumizi mtoto. Apimwe akitimiza saa 24, mkono wa kulia na mguu mmoja. Chini ya asilimia 90, aonwe na daktari papo hapo. Kuanzia 95, na mkono na mguu visipishane zaidi ya 3, amepita, ingawa kasoro chache hupenya kipimo hiki. Namba za katikati hurudiwa baada ya saa moja. Kama kituo hakina kibanio, tazama ulimi na fizi kwenye mwanga wa mchana. Kucha hudanganya, na kwa ngozi zetu nyeusi midomo nayo hudanganya. Na kama mtoto amewekewa oksijeni lakini namba haipandi, fikirieni moyo kabla ya kuongeza antibayotiki nyingine.

Kutoka Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, hadi Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago jijini Kampala, ni karibu kilomita 500. Safari hiyo peke yake inaweza kumuua mtoto. Kituo kipige simu mbele kabla gari halijaondoka. Mtoto afungwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, na muuguzi akae nao nyuma. Nimepokea watoto waliofungwa blanketi tatu huku wamepoa, maana blanketi halitengenezi joto. Kuhusu kuchanja kifua, nasema wazi: hakuna ulezi mle ndani, na kidonda hicho ni mlango wa maambukizi.

Kwa mama anayepanga kubeba mimba, sukari idhibitiwe mapema. Anayetumia valproeti kwa kifafa amwone daktari wake kwanza, asiache dawa kienyeji. Rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, akiipata miezi ya mwanzo ya mimba huharibu moyo wa mtoto. Chanjo yake iliingia Uganda mwaka 2019, basi mabinti wasikose.

Na kama ulishazaa mtoto mwenye kasoro ya moyo, litaje kliniki siku ya kwanza. Omba moyo wa mtoto utazamwe kwa ultrasaundi kati ya wiki ya 18 na 22. Kasoro kubwa ikionekana, hamia Kampala kwa ndugu wiki chache kabla ya kujifungua.