Kamera kubwa, uzi wa kushonea na vumbi la Dodoma

Wengi wanaoniuliza habari za kamera yangu ya zamani, ile ya filamu za inchi 4 kwa 5, huanza na lenzi. Mimi huanza na mahali mtu atakapokaa.

Nikipiga kichwa na mabega kwa lenzi ya milimita 210, tundu lake la mwanga likiwa limefunguliwa hadi f/5.6, eneo linalotoka kali halizidi sana sentimita 2. Jicho likikaa sawa, sikio limeshafifia. Uzuri wa picha hizi uko hapo, na balaa pia. Maana nikishafokasi chini ya kitambaa cheusi, kwenye kioo kinachoonyesha mtu kichwa chini miguu juu, lazima nifunge shata, yaani kizuizi cha mwanga kwenye lenzi, nipachike filamu, nichomoe kifuniko chake. Muda wote huo sioni kitu, na mtu anayumba bila kujijua.

Dawa yake ni uzi wa kushonea. Naufunga kwenye tripodi, napiga fundo mahali unapofika shavuni usawa wa jicho nililofokasi. Kabla ya kupiga naunyoosha tena: “Mzee, sogea mbele kidogo. Hapo hapo.” Fundo likigusa, naachia uzi, nabonyeza. Kigoda kinapendeza pichani, sikatai, ila hakina pa kuegemea. Kwenye nyumba ya tembe namwegemeza mzee ukutani, upande wa kivuli, kazi inapungua nusu.

Kwa umbali huo mvukuto, ile sehemu ya kukunjika kati ya lenzi na filamu, unakuwa umevutwa hadi kama milimita 260, kwa hiyo filamu inataka mwanga mara moja na nusu ya ule unaoonyeshwa na kipimo cha mwanga. Kipimo chenyewe hakijui rangi za watu: ukikielekeza kwenye ngozi nyeusi, kinataka kuifanya kijivu. Mimi hupunguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga, ngozi ibaki na weusi wake.

Halafu vumbi. Kiangazi hapa upepo ukishachachamaa mvukuto unatikisika kama tanga, hivyo napiga mapema, saa 1 au saa 2 asubuhi. Punje iliyotua kwenye filamu kabla ya kupiga huzuia mwanga, na kwenye karatasi inatoka doa jeusi. Doa jeupe ni vumbi la wakati wa kuchapa picha kwenye karatasi, hilo unalifuta ukarudia. Jeusi halifutiki kirahisi. Kifuniko kichomoe polepole. Ukikivuta kwa pupa kinazalisha umeme tuli, na vumbi lote la jirani linakimbilia kwenye filamu.