Huyo Mbwa au Kenge? Dhana Potofu Kuhusu Mbwa wa Miguu Mifupi na Mbio za Viunzi

"Huyo mbwa au kenge?" aliniuliza babu mmoja msasi, pwani ya Jambiani, Unguja, asubuhi maji yamekupwa na akina mama wanateremka kwenye mwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini macho hayakumtoka Dau, mbwa wangu. Mbwa wake yeye ni wanne, warefu wa miguu, wakavu, kazi yao kufukuza nguruwe wanaofukua mihogo. Wangu kifua kinakaribia kuchora mchanga, na wakati ule alikuwa amewekewa fito aruke, yeye akapita kando yake.

Dau ni Dachshund, aina ya mbwa wa Kijerumani mwenye mwili mrefu na miguu mifupi. Niliachiwa na mgeni niliyekuwa nikimtunzia nyumba, mkataba wake ulipomalizika akarudi kwao Ulaya. Jina nimempa mimi, kwa kuwa ni mrefu, wa chini, na mbele amechongoka. Mchezo niliokuwa nikimfundisha unaitwa ajiliti. Mbwa hukimbia akifuata ishara za mkono na sauti ya mwenyewe, huruka fito, hupita ndani ya tundu refu, hujipinda baina ya vijiti vilivyosimamishwa, na muda unahesabiwa. Ulianza mwaka 1978 kwenye maonesho ya mbwa ya Crufts, ukumbi wa Olympia, London, kama kiburudisho cha kujazia muda, ukiigwa kwenye mashindano ya farasi wa kuruka viunzi.

Tangu nimpate Dau nimeambiwa mengi kuhusu mbwa wa umbo hili. Kwa bahati mbaya, baadhi niliyaamini.

"Mgongo mrefu namna hiyo, akiruka utakatika"

Anayesema hivi huwa ameona boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili fupi, akakisia kuwa itapinda katikati. Lakini zihesabu pingili. Shingoni 7, kifuani 13, kiunoni 7, sawasawa na za mbwa wa yule babu. Kilichopungua ni miguu.

Hatari ipo, tena si ndogo, ila chanzo chake si pale wanapoonesha kidole. Baina ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu. Nje kimezungukwa na nyuzi zilizoshikana kama mkeka, ndani ni laini. Fikiria nazi: kwa mbwa wengi ule ulaini wa ndani hubaki dafu mpaka uzee unapobisha hodi. Kwa Dachshund, Basset Hound, Corgi na jamaa zao wa miguu mifupi huanza kuwa koroma hata mwaka mmoja haujatimia, na baadhi ya visahani huishia nazi kavu, yenye chokaa kabisa. Kisahani kilichokakamaa hakibonyei tena. Siku moja ukuta wake hupasuka, kilichomo kikasukumwa juu kikaubana ugwe wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Ndipo unapomkuta mbwa anaburura miguu ya nyuma.

Mwaka 2017 watafiti wa University of California, Davis, walieleza kuwa uzee huo wa mapema unatokana na nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, kwenye kromosomu ya 12, na nakala hiyohiyo ina mkono wake katika kufupisha miguu. Kwa maneno mengine, miguu mifupi na visahani vibovu ni watoto wa tumbo moja. Urefu nao una fungu lake, sikatai. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2013 ulionesha kuwa mgongo ukizidi kuwa mrefu kulinganisha na kimo, hatari huongezeka, na unene huiongeza zaidi.

Dachshund mmoja katika wanne au watano hupatwa na ugonjwa huu maishani mwake, wengi wakiwa baina ya miaka 3 na 7. Na kisahani hakingoji kiunzi. Hupasuka hata mbwa akishuka kwenye kiti.

"Basi mwache barazani apumzike"

Hili ndilo lililoniponza. Nilimhurumia Dau hadi nikamdhuru. Hatembei, halafu kila anayekula chapati anamrushia kipande, na wageni wa nyumba jirani wana moyo mkunjufu kupita kiasi. Siku niliyoamua kumpima nilijipima kwanza mwenyewe duka la dawa, nikarudi kupanda mizani nimembeba ndani ya kikapu cha ukili, muuzaji akiniangalia bila kusema neno. Kilo 13. Kwa mbwa wa kimo cha sentimita 23, ule ulikuwa mzigo.

Mwaka 2016 zilitolewa taarifa za Dachshund zaidi ya 2,000 wa Uingereza, zilizokusanywa kwa wafugaji wao. Waliotembezwa chini ya nusu saa kwa siku ndio waliougua mgongo zaidi. Hata waliokatazwa kuruka juu ya viti na makochi walionekana kuwa na hatari kubwa kuliko walioachiwa, jambo ambalo mimi, mwenye chuki na ule urukaji wa barazani, sikulifurahia nilipolisoma. Ni vyema kuzisoma hesabu hizo kwa uangalifu, maana mbwa ambaye mgongo umeshaanza kumuuma huacha kutembea mwenyewe, na mwenye mbwa mwenye wasiwasi ndiye anayemkataza kuruka. Lakini hakuna mahali zinaposema kuwa kumlaza kutwa kunamlinda. Misuli ya tumbo na ya mgongo ndiyo inayoshikilia zile pingili, na misuli haijengeki barazani.

Nilimpunguza kilo tatu kwa miezi mitano. Chapati zilikatwa, nikaanza kumtembeza dakika kumi, baadaye ishirini, baadaye arobaini. Kipimo changu sasa ni mkono. Pitisha vidole ubavuni mwake, mbavu uzihisi kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako. Ukilazimika kuzitafuta, amenenepa.

"Mvivu huyu, mchezo hauwezi"

Dachshund alifugwa Ujerumani aingie mashimoni kupambana na mnyama mwenye meno, peke yake, gizani. Basset Hound ni wa kufuata harufu ya sungura kwa masaa, taratibu, bila kuchoka. Huyo si mvivu, ana mwendo wake tu. Hatakimbia kama mbwa wa kuchunga kondoo, na anayetaka kushinda kwa saa atafute mbwa mwingine.

Kwa hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo watu huliita uvivu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema. Hewa ikiwa na unyevunyevu, kama miezi ya kaskazi, kuhema kwenyewe hakumpozi sawasawa, na huyu wa chini tumbo lake liko karibu na mchanga uliochomwa na jua. Dau saa nne za asubuhi mwezi wa Februari huwa gunia. Saa kumi na mbili na nusu, mchanga ungali baridi, ni mbwa mwingine kabisa. Weka mgongo wa mkono wako chini uhesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, mrudishe nyumbani.

Na mbwa aliyekuwa mchangamfu akazubaa ghafla, usimpe jina la mvivu. Homa ya kupe humlegeza mbwa hivyo hivyo, na maumivu ya mgongo yanayoanza pia.

"Ajiliti yote ni kuruka juu"

Fito hupangwa kwa kimo cha mbwa. Kwa kanuni za chama cha mbwa cha Marekani, asiyezidi sentimita 28 begani huwekewa fito ya sentimita 20, na kuna daraja la kupunguziwa ambalo ni sentimita 10 tu. Mtoto wa mbwa hashindani kabisa. Huko Marekani ni mpaka afikishe miezi 15, na kwenye mashindano ya shirikisho la kimataifa la FCI miezi 18, ili mifupa iwe imeshakomaa.

Mimi sishindani na mtu, kwa hiyo nimejipangia kanuni zangu. Fito yangu ni mwanzi mwembamba uliolazwa juu ya vifuu viwili vilivyofunikwa, kama sentimita 7 kutoka chini. Akiugonga unaanguka wenyewe. Dau haruki hapo, anavuka tu akinyanyua miguu mmoja mmoja, na hicho ndicho ninachokitaka, maana mguu wa nyuma unaojua pa kukanyaga ni kinga ya mgongo. Nimeweka sita kwa mstari, nafasi ya hatua mbili baina yake.

Tundu nimelitengeneza kwa pipa la plastiki la lita 200, nikalikata pande zote mbili, nikaisugua mikato mpaka ikawa laini, nikalizika kidogo mchangani lisibiringike. Tundu la mashindano lina kipenyo cha sentimita 60, na pipa langu limekaribia hapo hapo. Hapa ndipo mfupi anapomcheka mrefu. Mbwa wa yule babu alilazimika kuinama na kujikunja. Dau alipita mkia juu, kama anaingia nyumbani kwao.

Nilivyoviacha ni viwili. Vile vijiti vya kujipinda kwa kasi vinamsokota kushoto na kulia mara kumi na mbili, na kwa mwili mrefu kila msokoto unazidi. Nimevitenganisha mpaka vimekuwa matembezi ya kuzunguka minazi. Na ile paa ya mbao ya kupanda na kushuka sikuijenga kabisa, kwa sababu ya kushuka. Mbwa akisimama tu, zaidi ya nusu ya uzito wake uko miguu ya mbele. Akiteremka mwinuko mkali, uzito zaidi unahamia huko, na bega ndilo linaloumia mara nyingi kwenye mchezo huu hata kwa mbwa warefu. Basset Hound wa kilo 25, miguu ya mbele imepinda kwa maumbile, simshauri mtu.

Watu wa Mji Mkongwe huniuliza pia kuhusu ngazi. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2000 uliona kuwa Dachshund waliozoea kupanda ngazi kiasi hawakuwa na chokaa zaidi kwenye visahani, bali pungufu. Ninaloliogopa mimi ni sakafu ya vigae iliyomwagiwa maji. Miguu ya nyuma ikiteleza pembeni, mgongo unasokotwa ghafla, na hapo hakuna misuli iliyojiandaa. Mkeka chakavu pale anapogeukia unatosha.

"Mkande kwa mafuta ya makonyo"

Kabla ya yote haya, Dau akiwa bado na kilo zake 13, niliamka siku moja nikamkuta amejikunja mgongo kama upinde, anatetemeka, nikimgusa analia. Jirani akaniletea chupa ya mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, akaniambia nimkande kwa nguvu na kumnyoosha. Nikamkanda. Mchana alikuwa anakanyaga kwa mgongo wa wayo, kucha zinaburuza.

Kukanda na kuvuta mgongo ambao kisahani chake kimepasuka ni kuzidi kukisukuma kilichotoka. Mafuta yenyewe ni makali, mbwa hujilamba, na ulimi na tumbo huungua. Mbaya zaidi nilikuwa nimeshatoa kidonge cha diklofenaki nimpe, nikazuiwa na mganga wa mifugo kwa simu. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, hata kwa dozi inayoonekana ndogo.

Aliniambia nimfungie, na si ndani ya chumba, bali kwenye kizimba anachoweza kusimama na kugeuka basi. Wiki sita. Kutoka ni kubebwa, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, mgongo umelala sawa, mpaka mahali pa haja na kurudishwa. Alinipa pia kipimo cha kujua kama hali ni ya kukimbizana na saa. Bana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Kuvuta mguu peke yake hakutoshi, tazama kama anageuka, analia au anataka kuuma. Akivuta tu bila kujali, maumivu hayafiki kichwani, na hapo kinachohitajika ni upasuaji haraka iwezekanavyo. Dau aligeuka akanikamata kidole. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kung'atwa.

Kuhusu najisi, niseme kwa ufupi kwani huulizwa kila siku. Mlangoni pana ndoo ya maji na kopo la udongo safi, mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni. Kavu kwa kavu haihamishi. Na Dau analinda nyumba, hakuna anayepita njiani usiku bila mtaa mzima kujulishwa.

Mbwa aliyekwisha kuugua mgongo mara moja anaweza kuugua tena, kwa hiyo Dau hatafikishwa kwenye sentimita 20, wala 10. Hufungwa mkanda wa kifuani, sio wa shingoni. Dakika tano za kutembea kwanza, ndipo fito. Mizunguko mitatu, tunasimama angali anataka wa nne. Siku akisita mbele ya mwanzi anaouvuka kila siku, au akigeuka kwa kuzungusha mwili wote badala ya shingo, mchezo umekwisha na namtazama mpaka kesho yake.

Babu alirudi wiki iliyofuata, safari hii na mjukuu wake. Akavua kofia, akaketi juu ya ngalawa, akaniambia, "Haya, mpitishe kenge tumwone."